Mitungi mitano ya udongo: wanaakiolojia hupata nini wakichimba Kenya?

Shimo la mita 1 kwa mita 1 likishushwa sentimita 10 hutoa lita 100 za udongo, yaani mitungi mitano ya lita 20, na zaidi kidogo ukishavurugwa. Udongo wote huo hupitishwa kwenye chekeche. Kinachobaki juu ya wavu mara nyingi ni vitu ambavyo mpita njia asingeinama kuviokota: vigae vya vyungu, vipande vya mifupa, makaa, mawe yaliyochongwa, pengine donge la mavi ya chuma, yaani takataka za kuyeyusha chuma. Watu wanaosimama kando ya shimo huuliza dhahabu iko wapi. Dhahabu hakuna, lakini kigae kimoja kinaweza kutuambia chungu kilipikia nini.

Chungu kisichopakwa rangi ya kioo hunyonya mafuta ya chakula kwenye vitundu vyake, na mafuta hayo hukaa humo maelfu ya miaka. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2020 wa vigae vya wafugaji wa kale kutoka Kenya na Tanzania ulikuta alama za maziwa, nyama na mimea. Ndiyo maana si kila kigae huoshwa. Vile vinavyokwenda maabara hushikwa kwa glavu na kufungwa kwenye karatasi ya foili, kwa sababu mafuta ya losheni mikononi mwa mchimbaji yanatosha kuharibu kipimo, na mfuko wa plastiki nao huacha kemikali zake.

Kuchimba mahali ulikokulia kuna faida moja ambayo vifaa haviwezi kuleta: jicho lililokwisha kuona. Mfugaji wa Narok anajua kwamba boma likihamwa, mahali palipokuwa zizi huota nyasi nzuri kuliko pembeni. Mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba katika maeneo kadhaa ya kusini magharibi mwa Kenya, mazizi yaliyohamwa kati ya miaka 3,700 na 1,500 iliyopita bado yana fosforasi, kalsiamu na magnesiamu nyingi kuliko ardhi inayoyazunguka. Chini kuna tabaka laini la kijivu, samadi iliyogeuka udongo. Asiyejua zizi angelipita tabaka hilo kwa jembe akidhani ni majivu tu. Kamoya Kimeu naye, Mkenya aliyesifika kwa kutafuta mifupa ya kale, mwaka 1984 huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, aliona kipande kidogo cha fuvu kilichofanana rangi na changarawe iliyokizunguka. Kazi iliyofuata ilifukua karibu kiunzi kizima cha mvulana wa miaka milioni 1.5 hivi iliyopita.

Kazi yenyewe ni ya polepole. Vigingi vinne hupigiliwa, kamba hufungwa, na pima maji na timazi hutumika ili kuta za shimo zisimame wima. Sehemu moja isiyosogea huchaguliwa kuwa kipimo cha kina chote. Kisha udongo hukwanguliwa kwa mwiko, sentimita 5 au 10 kwa mara moja, lakini rangi ya udongo ikibadilika kabla ya sentimita hizo kuisha, mchimbaji husimama hapo hapo. Kila tabaka hupewa namba yake, mfuko wake na lebo mbili, moja ndani na moja nje, kwa kuwa ile ya nje hufutika. Wavu wa milimita 5 hupitisha ushanga wa ganda la yai la mbuni wenye upana wa milimita 4, kwa hiyo tabaka lenye shanga au mifupa ya samaki huhitaji wavu wa milimita 2 au chini ya hapo. Mbegu zilizoungua hutolewa kwa maji: udongo ukikorogwa kwenye ndoo, mbegu huelea.

Makosa mengi hutokana na kuamini kina peke yake, kwamba cha chini ndicho cha kale zaidi. Udongo mweusi wa mfinyanzi ulioenea mashariki na kusini mwa Nairobi hupasuka kiangazi, na nyufa zake zinaweza kuzidi nusu mita kwenda chini. Kizibo cha soda kikitumbukia humo, mvua ikinyesha udongo hufumba, na miaka michache baadaye kinapatikana chini ya kigae cha kale. Mchwa na fuko hufanya uharibifu wa namna hiyo hiyo, na shimo la choo la zamani hukata matabaka yote. Udongo mwekundu wa upande wa Kikuyu una asidi inayokula mifupa, na kukosa mfupa huko hakumaanishi kwamba watu hawakula nyama.

Kwenye umri pia kuna mtego. Kipimo cha kaboni, kinachokadiria umri wa kitu kilichokuwa hai, hufika miaka 50,000 hivi, na kipande cha makaa kama mbegu ya mtama hutosha. Lakini makaa ya kiini cha mtarakwa mkubwa hutoa umri wa mti ulipokuwa ukikua, ambao unaweza kuutangulia moto kwa karne kadhaa. Bora kijiti au mbegu.

Olorgesailie, kwenye barabara ya Magadi, mawe meusi yanayong'aa kama kioo yalikutwa katika tabaka la miaka 320,000 hivi. Kemia yake ilionyesha kwamba yalitoka zaidi ya kilomita 25 mbali. Jiwe hilo hilo likiwa kwenye kabati la mtu sebuleni, bila kujulikana lilitoka tabaka gani, halina la kusema.

Katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, vipande vya kwanza vya mifupa vilionekana mwaka 2013. Shimo lenyewe la kaburi lilifunuliwa mwaka 2017, kama mita 3 chini ya sakafu ya pango. Mifupa ilikuwa laini mno, ikivunjika kwa kuguswa. Uamuzi ulikuwa kuacha kuichimba: bonge zima la udongo lilifunikwa kwa plasta, likapelekwa Nairobi na baadaye maabara nchini Hispania. Humo alikuwamo mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, amelazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa, aliyezikwa miaka 78,000 hivi iliyopita. Alama zilionyesha kwamba mwili ulikuwa umevikwa kitu, na kichwa kiliegemezwa. Anaitwa Mtoto. Mwiko ulioendelea kukwangua siku ile ungetuachia unga mweupe tu.

Kwa anayechimba msingi au kisima: ukikuta vigae vingi, mawe ya kuchongwa au mifupa, simamisha jembe. Piga picha kabla ya kugusa, ukiweka rula au sarafu kando yake, na uhifadhi mahali hapo kwenye ramani ya simu. Usioshe, usigundishe kwa gundi, usipake vanishi. Funika kwa turubai na uarifu Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Urithi ya mwaka 2006 inakutaka uarifu, na kuchimba mambo ya kale bila kibali ni kosa. Mifupa ikionekana kuwa ya binadamu, waite polisi kwanza, maana si kila kaburi ni la kale.