Jirani akinyamaza hajaridhia: dhana potofu za nyumba za kupanga Malindi

Nyumba nyingi za kupanga hapa Malindi, kuanzia Maweni na Majengo hadi Barani, zina umbo lile lile: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na uani nyuma penye choo, bafu na mfereji mmoja wa maji. Kila chumba kina watu wake. Nimeishi katika nyumba za namna hii kwa miaka 12, na ugomvi mwingi nilioushuhudia ulianzia kwa watu wema kabisa waliokuwa wameshika jambo lisilo kweli.

Dhana: "Hajalalamika, basi halimsumbui."

Hii naiweka mbele kwa sababu niliiamini mwenyewe. Kila asubuhi nilikuwa nikifungua redio nikifua uani. Chumba cha pili alikaa bibi mmoja mtu mzima pamoja na mwanawe, bawabu wa usiku katika hoteli, ambaye hurudi nyumbani jua likishachomoza. Bibi alinisalimu kila siku kwa uso mkunjufu. Siku yule kijana alipougua nikaenda kumjulia hali, ndipo bibi akaniambia: "Mwanangu, huyu halali. Mwezi wa nne sasa halali." Nikamuuliza kwa nini hakunieleza mapema. "Nilikuonea muhali. Siku nilipohamia, wewe ndiye uliyenichotea maji. Ningeanzia wapi?"

Ukweli ni kwamba pwani yetu unyamavu una maana nyingi, na ridhaa ni moja tu kati ya hizo. Muhali ni ile haya ya kumtamkia mtu neno litakalomvunja moyo, na kadiri ulivyomtendea mtu wema ndivyo ulimi unavyozidi kumwia mzito. Kwa hiyo yule uliyemsaidia sana ndiye unayeweza kumuudhi kwa muda mrefu zaidi bila kujua. Tangu siku ile nimeona pia kwamba kuuliza "Je, nakusumbua?" hakufai kitu, maana jawabu ni moja: "Hata kidogo!" Uliza jambo lenye jibu: mwenzio analala saa ngapi? Mtoto anajisomea wakati gani? Hapo mtu hujibu ukweli, kwa kuwa hakushtaki.

Dhana: "Nimefunga mlango, sauti haitoki."

Inua macho utazame juu. Katika nyumba nyingi hizi kuta za vyumba hazifiki kwenye paa. Zinaishia usawa fulani, kisha kuna uwazi mmoja chini ya makuti au mabati unaounganisha vyumba vyote sita. Uwazi huo ndio unaotupa hewa, na ndio unaopitisha kikohozi, kilio cha mtoto na maneno ya mume na mkewe. Hata pale penye dari, besi ya spika hupenya ukutani kwa urahisi kuliko sauti nyembamba. Wewe unasikia wimbo, jirani anasikia mdundo mtupu kifuani. Na wakati wa kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, joto hulazimisha kila dirisha kuwa wazi.

Wapo pia wanaodhani kwamba mchana kelele ni halali na usiku huanza saa sita. Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 50 nje ya nyumba za makazi mchana, na 35 usiku, ambazo hazizidi sana mnong'ono. Usiku wa kanuni hizo huanza baada ya saa mbili. Lakini sheria haiwezi kumjua bawabu, wala mvuvi aliyetoka baharini alfajiri. Hao atawajua anayekaa nao.

Dhana: "Pipa langu, maji yangu."

Hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu watu huona adabu ya ujirani ni sauti na usafi wa choo tu. Maji ya Malindi hutoka visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, tena kwa pampu. Mfereji ukikauka, kila mpangaji huweka akiba: pipa, ndoo, madumu yamejaa ukumbini. Pipa lisilofunikwa ndipo anapozaliwa mbu mwenye madoa meupe miguuni, yule anayeuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakimzuii. Hapendi madimbwi machafu ya barabarani. Anataka maji safi yaliyotulia, karibu na watu, na huchukua kama wiki moja hadi siku kumi kutoka yai hadi kuruka. Akisharuka hafiki mbali. Anayeng'atwa ni wewe na watu wa vyumba vile vitano.

Ndugu zetu wa Lamu waliyaona haya mwaka 2004. Ulikuwa wakati wa ukame, watu wameweka maji majumbani, ndipo chikungunya, ugonjwa unaoenezwa na mbu huyu, ikalipuka. Uchunguzi uliofanywa baadaye kisiwani ulikadiria kuwa takriban robo tatu ya wakazi waliambukizwa. Ugonjwa ukafika Mombasa mwaka huo huo, na mwaka uliofuata ukawa Komoro na visiwa vingine vya Bahari ya Hindi. Jina lake ni la Kimakonde, la kueleza mgonjwa anavyokunjika kwa maumivu ya viungo, na wako waliobaki na maumivu hayo kwa miezi.

Basi funika pipa. Na ukilimwaga, lisugue kuta za ndani kwa brashi, kwa sababu mayai hugandia ukutani juu kidogo ya maji na huweza kukaa makavu kwa miezi yakingoja ujaze tena.

Dhana: "Makaa yameshika, moshi umekwisha, jiko linaweza kuingia ndani."

Mvua za Mei huwasukuma wengi kupikia chumbani au ukumbini. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayotoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, nayo huua. Ule uwazi wa juu hupitisha gesi kama unavyopitisha sauti, basi anayelala na mtoto mchanga chumba cha pili anaivuta pia. Pikieni upenuni, hata kama ni kwa zamu.

Dhana: "Nalipa kodi, nifanye nitakalo."

Kodi imenunua chumba. Ukumbi, uani na usingizi wa wenzako haumo. Sheria ya Kenya ya kudhibiti kodi, sura ya 296, inayohusu nyumba za kodi ya chini, inataja wazi kuwakera majirani kuwa sababu inayoweza kumtoa mpangaji.

Dhana: "Ujirani ni kupelekeana sahani."

Ni kweli nusu. Mtume (S.A.W.) alimwusia Abu Dharr aongeze maji ya mchuzi ili jirani apate, na Ramadhani za Malindi zingekuwa ukiwa bila watoto wanaopishana ukumbini na sahani zilizofunikwa. Lakini sahani huzidisha muhali. Ukimpelekea mtu sambusa leo, kesho atakwambiaje kwamba maji yako ya samaki yananukisha mlango wake? Kwa hiyo siku hizi nikipeleka sahani nakaa kidogo, naulizia usingizi, naulizia kikohozi cha mtoto, naulizia zamu ya choo kama imekuwa nzito.

Kwetu sahani hairudi tupu. Wiki iliyopita bibi alinirudishia yangu na maembe mawili juu yake, na neno moja: "Mwanangu, kesho kijana atalala hadi alasiri." Nikafua baada ya alasiri.