Dhana potofu na ukweli: kisanduku kisichotikiwa kwenye fomu za Django

"Nimeweka required=True ili mtumiaji ajibu ndiyo au hapana." Siyo. Katika Django (mfumo wa Python wa kujenga tovuti), kwenye BooleanField ya fomu, yaani sehemu ya kisanduku cha kutiki, required=True ina maana moja tu: kisanduku lazima kitikiwe. Inafaa kwa "Nakubali masharti". Kwa "Nitumieni taarifa kwa SMS" ni kumlazimisha mtu akubali asichotaka.

Chanzo ni HTML yenyewe. Kisanduku kisichotikiwa hakitumwi kabisa, si jina wala thamani. Django ikilikosa jina husoma False, na BooleanField huihesabu False hiyo kama sehemu iliyoachwa wazi. Tena required=True ndiyo hali ya kawaida, hata usipoiandika.

Watu wananaswa hasa na ModelForm, fomu inayotengenezwa kutokana na modeli (darasa la Python linaloeleza jedwali la hifadhidata). Ikiunda kisanduku yenyewe kutoka kwenye modeli, huweka required=False na mambo yanakwenda. Siku ukiiandika upya sehemu hiyo kwa mkono, eti ubadilishe lebo tu, required=True inarudi kimyakimya na fomu inaanza kukataa watu. Lebo ibadilishe kwa labels ndani ya Meta, darasa la mipangilio lililo ndani ya fomu. Sehemu yenyewe usiiguse! Ukitaka jibu la wazi, achana na kisanduku: tumia TypedChoiceField (sehemu ya kuchagua) yenye RadioSelect (vitufe vya kuchagua kimoja tu), machaguo "ndiyo" na "hapana". Na coerce, yaani kazi inayogeuza jibu lililotumwa kuwa thamani ya Python, tafadhali isiwe bool, maana bool("hapana") ni True. Kwa Python, maandishi yoyote yasiyo matupu ni kweli. Andika coerce=lambda v: v == "ndiyo".

"initial itajaza asipojaza." Haijazi. initial ni thamani ya awali; huonekana tu fomu inapofunguliwa. Mtumiaji akiifuta, kinachokaguliwa ni utupu.

"null=True inaruhusu kuacha wazi." null ni ya hifadhidata. Fomu hutazama blank, mpangilio wa modeli unaosema kama sehemu yaweza kuachwa wazi.

"Sehemu niliyoifunga kwa disabled ya HTML bado inatumwa." Haitumwi, ndiyo maana unaambiwa ijazwe. Weka disabled=True kwenye sehemu ya Django yenyewe: itachukua thamani ya awali na kupuuza chochote kilichotumwa, hata mtu akiichezea HTML.

"save() inakagua." save() huhifadhi rekodi tu; haiiti full_clean(), inayoendesha ukaguzi wa modeli, kwa hiyo vikaguzi ulivyoweka kwenye modeli havifanyi kazi nje ya fomu. objects.create() ni vivyo hivyo. Ukiingiza data kutoka faili la CSV, ita full_clean() kwa kila rekodi kabla ya save(), ushike ValidationError (kosa la ukaguzi) na uandike namba ya mstari uliokosewa.