Nyasi Zimeota, Dhamana Irudishwe?

Mkaguzi wa migodi anapopanda kilima kilichokarabatiwa huko Kentucky au West Virginia nchini Marekani, anachokiona kwanza ni kijani. Nyasi zimefunika kila mahali, na kampuni iliyochimba makaa ya mawe inaomba irudishiwe dhamana yake ya kurejesha ardhi. Sasa ashike sururu apige chini. Kwenye maeneo mengi yaliyokarabatiwa miaka ya 1980 na 1990, sururu hiyo ingedunda. Chini ya nyasi, matingatinga yameushindilia udongo ukawa kama sakafu. Mti haushushi mizizi hapo, na mvua ikinyesha maji hayazami, yanateremka yote.

Naanzia hapo kwa sababu wengi wanaoishi jirani na machimbo, wakiwamo ndugu zetu wa Ngaka kule Mbinga, huamini kwamba ardhi ikishakuwa ya kijani kazi imekwisha. Haijaisha. Sheria za Tanzania na Kenya nazo zinamdai mchimbaji dhamana ya kurejesha ardhi, lakini Marekani imekuwa ikikagua na kuachilia dhamana za makaa kwa karibu nusu karne, na makosa yao yana mengi ya kutufundisha.

Sheria yao ya machimbo ya makaa ilisainiwa na Rais Jimmy Carter tarehe 3 Agosti 1977. Kabla yake, majimbo mengi yalikuwa na sheria legelege, na makampuni yalichimba yakaondoka, yakiacha kuta za mwamba zimesimama na vifusi vimeporomokea mitoni. Sheria mpya ikasema: huanzi kuchimba mpaka uweke dhamana itakayoiwezesha serikali kumlipa mtu mwingine amalize kazi endapo utaiacha. Neno dhamana kwetu linakumbusha mahakama, na mfano unafaa. Mdhamini hawi huru mpaka kesi iishe, na hapa kesi haiishi mpaka ardhi ipone.

Dhamana huachiliwa kwa awamu tatu. Mashimo yakishafukiwa, kilima kikarudishiwa umbo linalokaribia lile la awali na mifereji ya maji ikakaa sawa, kampuni inaweza kurudishiwa hadi asilimia 60. Kwa dhamana ya dola milioni moja, hizo ni dola 600,000. Awamu ya pili ni ya udongo wa juu na mimea: ikishika, na tope likiwa haliingii mitoni kupita kiwango, sehemu nyingine huachiliwa. Lazima zibaki fedha za kutosha kupanda upya iwapo mimea itakufa.

Awamu ya tatu ndiyo yenye uzito. Panapopata mvua zaidi ya inchi 26 kwa mwaka, yaani kama milimita 660, kampuni husubiri miaka 5 kamili kabla ya kupata salio la dhamana. Panapopata kiasi hicho au pungufu, kama nyanda za makaa za Wyoming, husubiri miaka 10. Hesabu huanza mwaka wa mwisho wa kupanda, kutia mbolea au kumwagilia kwa ajili ya kuisaidia mimea. Ukirudia kupanda mwaka wa nne kwa sababu mbegu zilikataa, unaanza kuhesabu upya. Naiona hii kuwa busara kubwa ya sheria hiyo, kwani nyasi za mbolea hupendeza msimu mmoja tu.

Turudi kwenye ule udongo mgumu. Wakaguzi wa zamani waliogopa maporomoko, kwa hiyo walitaka kilima kishindiliwe na kifunikwe haraka, na makampuni yakapanda nyasi kali zilizosonga miche ya miti. Mwaka 2004 ofisi ya shirikisho inayosimamia machimbo hayo, pamoja na majimbo ya milima ya Appalachia, ilianza kuhimiza njia nyingine: tabaka la juu la karibu mita 1.2 liachwe tifutifu na ipandwe miti ya asili. Kilima cha namna hiyo hakipendezi macho mwanzoni, kina mashimo na mawe, lakini miti hukua.

Halafu kuna maji. Baadhi ya miamba inayoambatana na makaa ina madini ya piriti, ambayo yakikutana na hewa na maji huzalisha asidi. Utaitambua kwa mawe ya kijito yaliyovaa utando wa rangi ya kutu. Tatizo hilo laweza kudumu miongo mingi baada ya kilima kupona. Kabla ya kuamua kuachilia dhamana, mamlaka lazima ipime kama maji ya juu au ya chini ya ardhi yanachafuliwa, yataendelea kuchafuliwa kwa kiasi gani, na gharama ya kuyazuia. Huko Pennsylvania kampuni nyingine zimelazimika kuweka mifuko ya fedha ya kusafisha maji daima.

Na dhamana iwe fedha au mdhamini wa kweli. Majimbo kadhaa yaliruhusu makampuni makubwa yajidhamini yenyewe, kwa ahadi tu. Kati ya 2015 na 2016 Alpha Natural Resources, Arch Coal na Peabody Energy zote ziliomba hifadhi ya mahakama ya ufilisi, na Wyoming ikajikuta imeshika ahadi za mamia ya mamilioni ya dola.

Mwananchi ana nafasi yake. Kampuni inayoomba kurudishiwa dhamana lazima itangaze katika gazeti la eneo hilo mara moja kwa wiki, wiki nne mfululizo, na iwaandikie majirani. Baada ya tangazo la mwisho kuna siku 30 za kupinga kwa maandishi na kuomba kikao cha hadhara. Mwenye ardhi ana haki ya kuarifiwa kuhusu ukaguzi na kutembea pamoja na mkaguzi. Anayetaka kuitumia haki hiyo asisubiri tangazo. Mvua kubwa ikikatika tu, aende akapige picha za makorongo mapya na rangi ya kijito, aandike tarehe, na siku ya ukaguzi ampeleke mkaguzi mpaka kwenye chemchemi iliyokauka.