Kariakoo kabla ya maghorofa: mitaa, nyumba na watu walioujenga mji

Mgeni akitaka kuijua historia ya Dar es Salaam hupelekwa ufukweni. Ataonyeshwa Boma la Kale lililojengwa enzi za Sultani Majid miaka ya 1860, kanisa la Azania Front, kisha sanamu ya Askari pale katikati ya barabara ya Samora. Vyote vina thamani, na mimi mwenyewe hupita huko mara kwa mara. Lakini kazi yangu ni ramani za zamani na historia ya viwanja, na nikiulizwa mji huu uliundwa wapi, yaani mji wa watu wanaopanga vyumba, wanaooana, wanaozikana na kugombania uongozi, jibu langu ni Kariakoo.

Tuanze na ardhi. Kabla ya jina la Dar es Salaam palikuwa na Mzizima, kijiji cha Washomvi kando ya bahari, na nyuma yake vijiji vya Wazaramo. Majid alianza kujenga mji wake hapo, akafariki mwaka 1870 kabla haujasimama, na mdogo wake Barghash hakuuendeleza. Wajerumani wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki walifika mwaka 1887, na mwaka 1891 makao makuu ya koloni yakahamishwa kutoka Bagamoyo. Wakati huo Kariakoo ya leo ilikuwa shamba la minazi. Baadaye lilikuwa mikononi mwa mlowezi wa Kijerumani aitwaye Schoeller, na serikali ikalinunua muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ili iwapeleke Waafrika wote huko. Ukiitazama ramani utauona mkono wa mpimaji mara moja: mitaa imenyooka, inakatana kwa pembe mraba, viwanja vinalingana. Mitaa ya Uhindini, jirani tu, haikunyooka hivyo. Kariakoo ilichorwa mezani kwanza, watu wakaletwa baadaye.

Vita ikawakuta Wajerumani hawajamaliza. Waingereza waliingia Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916, na eneo lile wakaligeuza kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps kwa jina lao la Kiingereza, jina ambalo midomo ya wenyeji ililifanya Kariakoo. Nairobi nako kuna Kariokor, kwa sababu ileile.

Wapagazi hawa wanastahili kuelezwa vizuri, kwa sababu wengi wanaopita Kariakoo kununua vitenge hawajui wanakanyaga wapi. Kusini mwa koloni hapakuwa na reli, na barabara za magari zilikuwa chache mno. Farasi, nyumbu na ng'ombe waliopelekwa huko waliuawa na mbung'o. Kwa hiyo kila risasi, kila gunia la unga, kila sanduku la dawa lililofika mstari wa mbele lilibebwa kichwani. Wanaume waliandikishwa kwa laki, wengi kwa nguvu, kutoka Kenya, Uganda, Nyasa na Tanganyika yenyewe. Wakafa kwa kuhara damu, malaria, njaa na uchovu kuliko walivyokufa kwa risasi. Makadirio yanayotajwa mara nyingi kwa upande wa Waingereza peke yake ni karibu watu 100,000. Wengi hawakuzikwa kaburi lenye jina.

Sasa chukua orodha ya mitaa ya Kariakoo. Kuna Mtaa wa Narung'ombe. Kuna Mahiwa. Kuna Tandamti, jina ambalo watu bado wanalitumia ingawa mtaa ulibadilishwa jina baadaye. Wauzaji wa vifaa vya umeme na mapazia wanayataja majina haya siku nzima wakiwaelekeza wateja. Ni majina ya mahali palipopiganwa kusini mwaka 1917: Narung'ombe, bara ya Kilwa, mwezi Julai, Tandamti, karibu na Lindi, mwezi Agosti, na Mahiwa, kwenye njia ya kutoka Lindi kwenda Masasi, mwezi Oktoba, katika siku nne zilizokuwa miongoni mwa zile zilizomwaga damu nyingi kuliko zote katika vita vya Afrika Mashariki. Waliopeleka mizigo kwenye mapigano hayo ndio waliokipa kitongoji jina. Sanamu ya barabara ya Samora, iliyozinduliwa mwaka 1927, ni ya askari mmoja mwenye bunduki. Mpagazi hayupo juu ya jiwe lile, ila ametajwa katika maandishi yaliyo chini yake. Nairobi walau alichongwa akasimamishwa pamoja na askari. Kwa Dar es Salaam, kumbukumbu yake kubwa ni Kariakoo yenyewe na mitaa hiyo mitatu, na sijaona kibao hata kimoja kinachomweleza mpita njia jambo hili. Naona ni deni, na halmashauri ya jiji ina uwezo wa kulilipa kwa gharama ndogo sana.

Majina mengine ya mitaa yanakupa safu nyingine za watu: Nyamwezi, Sukuma, Swahili, Mafia, Pemba, Rufiji, Kongo. Wamanyema, waliofika pwani kwa misafara kutoka mashariki ya Kongo, walikuwa na nguvu sana hapa, na Msikiti wa Manyema bado upo. Walikuwapo Wanubi, Wazulu waliokuja kutoka Msumbiji na jeshi la Wissmann, kamanda wa Kijerumani, Waganda, Wanyasa. Mwenye duka mmoja Mganda, Erica Fiah, aliyeanzisha gazeti la Kwetu mwaka 1937, alikuwa mtu wa mtaa huu.

Waingereza walipoanza kutawala rasmi waliuendeleza mpango wa Wajerumani wa kanda tatu. Sheria haikutaja rangi ya mtu, ilitaja aina ya jengo: kanda ya kwanza nyumba za Kizungu, ya pili nyumba za mawe na maduka, ya tatu nyumba za udongo. Kila mtu alijua maana yake ni Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kati ya Uhindini na Kariakoo wakaacha uwanja mtupu, kwa hoja ya afya, ndio Mnazi Mmoja. Leo tunauona kama bustani na mahali pa sherehe. Kwenye ramani ya miaka ya 1920 ni mstari wa kutenganisha watu, na nadhani ni vizuri watoto wa shule wanaopelekwa kuona Mnara wa Mwenge waambiwe na hilo.

Nije kwenye nyumba, sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ina mpango mmoja, na ukishaujua unaweza kutembea ndani ukiwa umefumba macho. Mbele ni baraza. Unaingia mlango wa kati, unakuta ukumbi mrefu unaokwenda moja kwa moja hadi nyuma. Kulia vyumba vitatu, kushoto vyumba vitatu. Mwisho wa ukumbi kuna mlango wa uani, na uani kuna jiko, stoo, choo na bafu, vimezungushiwa ukuta. Niliwahi kusimama Mtaa wa Mchikichi wakati nyumba ya namna hiyo inabomolewa, ukuta umekatwa wima kama keki, nikaona kila kitu: boriti za mikoko zimesimamishwa, fito zimefungwa kwa kamba za minazi, katikati mawe madogo ya matumbawe na udongo mwekundu, juu yake lipu ya chokaa, kisha rangi juu ya rangi, buluu, kijani, krimu, buluu tena. Chini ya paa la bati la kisasa kulikuwa na vipande vya bati jembamba lililokunjuliwa kutoka madebe ya mafuta ya taa. Paa la makuti huwaka moto na huvuja baada ya miaka michache, na mabati ya dukani yalikuwa ghali, kwa hiyo mafundi walikata madebe, wakayapiga nyundo yakanyooka na kuyaezeka.

Mpango huu wa vyumba sita ndio ulioujenga mji. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili na familia yake, vingine akapangisha. Mpangaji wa Kiluguru, wa Kingindo na wa Kinyamwezi walikuta jiko moja, kisima kimoja na mlango mmoja wa uani. Kiswahili cha Dar es Salaam kilikomaa humo uani kuliko darasani. Na katika wenye nyumba, wanawake hawakuwa wachache: mwanamke aliyepata fedha kwa kuuza vitumbua, kwa urithi au kwa vyovyote alijenga, akaishi kwa kodi za wapangaji wake bila kumtegemea mume. Kasoro ilikuwa kwenye ardhi. Nyumba ilikuwa yako, lakini kiwanja ulikilipia kodi serikalini kwa haki ya muda mfupi, bila hati ya miaka mingi, na benki haikukubali kukukopesha kwa karatasi hiyo.

Hapa ndipo siasa inapoingia, na ndiyo hoja ninayoisisitiza kwa wanafunzi wangu. Chama cha Waafrika, African Association, kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1929, na katibu wake alikuwa Kleist Sykes, mtoto wa mmoja wa wale askari wa Kizulu, mzaliwa wa Pangani, mkazi wa Kariakoo mwenye nyumba yake. Ofisi yao waliijenga New Street, ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ilitoa waraka wa kuwakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Waraka huo uliwanyamazisha makarani na walimu wengi. Haukuwa na meno kwa mtu anayeishi kwa kodi ya vyumba vitatu au kwa kuuza samaki sokoni. Nyerere alichaguliwa kuwa rais wa Chama cha Waafrika mwaka huohuo kwenye ukumbi wa Arnautoglo, Mnazi Mmoja, akiwa mwalimu wa Pugu, na TANU ikazaliwa New Street tarehe 7 Julai 1954. Aliyempokea mjini ni Abdulwahid, mtoto wa Kleist, ambaye ndiye aliyekuwa msimamizi wa soko la Kariakoo. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa ngoma. Alipoanza kuhamasisha mwaka 1955 alipita kwenye vikundi vya ngoma vya wanawake, na katika miezi michache wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamechukua kadi. Hao hawakuwa na mwajiri wa kuwafukuza.

Soko lenyewe lilianza rasmi mwaka 1923 katika jengo lililoachwa na Wajerumani, ambalo jeshi lilikuwa limelitumia wakati wa vita. Wenye biashara zao hapo walikuwa watu wazito. Mmoja, Mzee Mshume Kiyate, mfanyabiashara wa samaki na mmoja wa wazee wa TANU, ndiye ambaye Mtaa wa Tandamti ulipewa jina lake. Jina la vita likampisha mtu wa sokoni. Nafurahi kwamba mzee yule alikumbukwa, ila ningependa majina yote mawili yaandikwe kwenye kibao kimoja.

Jengo tunalolijua leo ni la Beda Amuli, Mtanzania, mmoja wa wasanifu majengo wa mwanzo kabisa Waafrika katika ukanda huu. Lilifunguliwa na Mwalimu Nyerere mwezi Desemba 1975. Simama chini yake utazame juu. Nguzo za zege zinapanuka kama miavuli iliyopinduliwa, hewa ya moto inatoka juu, na maji ya mvua yanakusanywa na miavuli hiyohiyo hadi kwenye hifadhi iliyo chini. Chini kabisa kuna shimoni, walikouzia mazao ya jumla. Moto wa Julai 2021 ulilijeruhi vibaya jengo hili, na niliumia kama nimefiwa, kwa sababu ni jengo la nadra lililofikiriwa kwa hali ya hewa ya Dar es Salaam na kwa mama anayenunua mchicha.

Kilichoiondoa nyumba ya vyumba sita si vita wala serikali. Biashara ilipolegezwa miaka ya 1980, kila baraza likawa fremu ya duka, na fremu ikawa na kilemba, yaani fedha ya kuingilia, kikubwa kuliko kodi ya nyumba nzima. Kisha ukaja ubia: familia inatoa kiwanja, mwekezaji anajenga ghorofa, wanagawana sakafu kwa miaka waliyopatana. Siwalaumu wenye nyumba. Kiwanja ambacho babu yao alikilipia kodi bila hati sasa kina thamani ya mabilioni, na warithi ni kumi na wawili. Lakini mikataba mingi huandikwa kwa haraka mbele ya dalali, na nyumba hubomolewa bila mtu kupiga picha hata moja.

Kwa hiyo nina ombi kwa wasomaji ambao familia zao zina nyumba Kariakoo, Gerezani, Ilala au Magomeni. Kabla fundi hajaanza kubomoa, pigeni picha ya mbele, ya ukumbini na ya uani, na mpime upana na urefu kwa futi kamba. Risiti za kodi ya kiwanja za miaka ya 1930 hadi 1950 msizitupe hata kama zimeliwa na mchwa pembeni: zina namba ya kiwanja, jina la mlipaji na tarehe, na kwa kawaida ndiyo karatasi pekee inayoonyesha bibi au babu yenu alifika mjini lini. Zipigeni picha pande zote mbili. Na kama mzee wa nyumba bado yupo, mkae naye barazani mumwombe awatajie wapangaji wake wa kwanza, chumba kwa chumba, kuanzia cha kulia mbele, na kila mmoja alitoka wapi.