Kunawa kwenye beseni moja ni kugawana vijidudu

Nenda msibani, arusini au kwa mama lishe wa stendi, utaona kwamba Watanzania tunanawa. Ni nadra mtu kumega tonge la ugali bila kugusa maji kwanza. Sisi maafisa afya tunaozunguka mitaani shida tunayokutana nayo ni namna watu wanavyonawa. Beseni linawekwa mezani, wa kwanza anachovya vidole, anavisugua kidogo, anakung'uta, anamsogezea mwenzake. Likifika kwa wa sita maji yameshakuwa ya kijivu, na huyo anajipaka uchafu wa watano waliomtangulia. Huenda mikono yake ilikuwa na nafuu kabla hajanawa.

Watu wengi wanadhani sabuni inaua kila kidudu. Haiui. Kazi yake kubwa ni kubandua. Chembe ya sabuni ina upande mmoja unaoshika mafuta na mwingine unaoshika maji. Vijidudu hunasa kwenye mafuta ya ngozi, kwa hiyo ukisugua, mafuta yanaachia na vijidudu vinaondoka nayo. Virusi vya mafua na vya UVIKO-19 vimezungukwa na ganda la mafuta, na sabuni inalichana ganda hilo. Hivyo vinakufa. Lakini virusi vya rota, vinavyoharisha watoto wadogo, havina ganda la namna hiyo, na mayai ya minyoo ya tumbo yana gamba gumu. Hayo yote hutoka mkononi yakiwa mazima. Maji yakitiririka, yanaondoka nayo. Ukinawa kwenye beseni, yanabaki humo kumngoja anayefuata.

Ndiyo maana ile desturi ya kijana kupita na birika na beseni, akimmiminia mgeni mmoja mmoja, inafaa kuliko beseni la kuchovya. Wazee wetu hawakuwa na hadubini, lakini hapo walipatia. Tunachoomba ni huyo kijana abebe na sabuni.

Sabuni gani? Yoyote. Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika kwenye makazi duni ya Karachi, Pakistan, ambako familia zilipewa sabuni na kuhimizwa kunawa. Nimonia kwa watoto wa chini ya miaka 5 ilipungua kwa nusu, na kuharisha kulipungua kwa kiasi kama hicho. Familia nyingine zilipewa sabuni ya kawaida, nyingine sabuni yenye dawa ya kuua bakteria, na hazikutofautiana. Mwaka 2016 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilizuia viambato 19 vya aina hiyo, triklosani ikiwemo, katika sabuni za kunawia, kwa kuwa watengenezaji walishindwa kuthibitisha kwamba zinashinda sabuni ya kawaida na maji, na kwamba ni salama zikitumiwa kila siku kwa muda mrefu. Kwa hiyo tangazo la televisheni lisikutoe fedha mfukoni. Kipande cha sabuni ya mche kinatosha.

Ipo imani moja inayonikera kidogo, kwamba kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara. Mama anamtawaza mwanawe, anajifuta kwenye kanga, anarudi kukoroga uji. Kinyesi hicho kina vijidudu kama cha mtu mzima, na mtoto mwenye rota hutoa virusi kwa wingi wa kutisha. Chanjo ya rota tunayo nchini tangu 2013 na imesaidia sana, ila haimkingi mtoto na kipindupindu wala homa ya matumbo. Baada ya kumsafisha mtoto, nawa kama uliyetoka chooni.

Kunawa kwenyewe ni sekunde 20 hivi. Sugua katikati ya vidole, chini ya kucha, chini ya pete, na usikisahau kidole gumba, maana ndicho wengi wanachokiruka. Maji ya baridi yanafaa. Mikono mibichi hupokea na kuachia vijidudu kwa urahisi, basi iache ikauke kwa hewa, usiifute kwenye lile tambara la jikoni lililofutia meza tangu asubuhi. Kitakasa mikono chenye alkoholi isiyopungua asilimia 60 ni cha safarini tu. Mikono ikiwa na matope au mafuta ya samaki, hakikusaidii.

Mtaa usio na bomba haujakwama. Kibuyu chirizi kinahitaji dumu la lita 5 lililotobolewa tundu dogo, kamba, na kijiti cha kukanyagia. Uzuri wake ni kwamba hakuna anayeshika koki kwa mkono uliotoka chooni, na maji yanatumika kidogo sana. Kitundike kwenye njia ya kutokea chooni kuelekea jikoni, mahali ambapo mtu lazima akipite. Kikiwekwa nyuma ya nyumba hakitumiki, tumeshaona. Shuleni walimu hulalamika kwamba sabuni inaibwa kabla ya mapumziko ya saa nne. Yeyusha sabuni ya unga kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, toboa kifuniko, ifunge kamba pembeni ya dumu. Maji ya sabuni hakuna mtoto anayeyaficha kwenye begi.