D1, protini inayobomolewa ili jani liendelee kufanya kazi

Mche wa kahawa uliokulia kitaluni chini ya kivuli, ukihamishiwa ghafla penye jua la wazi, majani yake huanza kupauka na pengine huungua mabaka. Ndiyo maana miche huzoeshwa jua kidogo kidogo kwanza. Wengi hulaumu joto na ukosefu wa maji, na si kosa kufanya hivyo. Lakini ndani ya kloroplasti, vijisehemu vya kijani vya seli ambamo usanisinuru hufanyika, kuna jambo jingine: mwanga ule ule unaolisha mmea ndio unaoharibu mtambo unaoupokea.

Mtambo huo ni fotosistemu ya pili, mkusanyiko wa protini zaidi ya 20 uliopachikwa kwenye utando wa thailakoidi, vifuko bapa vilivyomo ndani ya kloroplasti. Kazi yake ni kupasua maji ili kupata elektroni za usanisinuru, na oksijeni tunayovuta hutoka hapo. Katika kiini chake kuna protini mbili, D1 na D2, na D1 ndiyo inayoshikilia sehemu kubwa ya kishada cha atomi za manganisi kinachopasua maji. Klorofili, rangi ya kijani inayonasa mwanga, ikipokea nishati kuliko inayoweza kupitishwa mbele, huzaliwa oksijeni kali inayoshambulia chochote kilicho jirani, na jirani wa kwanza ni D1.

Madhara haya hayasubiri jua la saa sita mchana. Hata mwanga hafifu huharibu D1, ila polepole. Jani huonekana kuzidiwa pale tu uharibifu unapoupita ukarabati kwa kasi. Kwa hiyo D1 hubadilishwa upesi kuliko protini nyingine za utando huo, na jua likiwa kali muda wake huhesabiwa kwa saa chache tu. Protini nyingine nyingi za mtambo huo hazitupwi, hutumika tena.

Ugumu uko kwenye kuitoa, na hapa ndipo ninaposhangazwa zaidi. D1 imepita ndani ya utando mara tano, kama uzi uliokwisha kushonwa. Tena mitambo mingi iko ndani ya marundo ya thailakoidi, yaliyobanana kama chapati zilizopangwa kwenye sahani, na vimeng'enya vya kubomoa ni vikubwa mno kupenya hapo. Basi mtambo ulioharibika husogea hadi pembezoni mwa rundo na kufunguliwa sehemu zake. Hapo hukutana na FtsH, kimeng'enya chenye umbo la pete ya vipande sita. FtsH huikamata D1 kwenye ncha yake ya mwanzo, kisha kwa nguvu ya ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, huivuta ndani ya pete, kama muwa unavyovutwa na mashine ya juisi, na zinki iliyomo husaidia kuikata vipande vidogo. Triptofani, mojawapo ya asidi amino zinazounda D1, iliyo karibu na ncha hiyo ikishashambuliwa na oksijeni, FtsH huishika D1 kwa urahisi zaidi. Mwanga ukiwa mkali sana, vimeng'enya vya kundi la Deg huongeza nguvu: hukata D1 katikati, na FtsH hupata ncha nyingi za kuanzia.

Nafasi ikishakuwa wazi, ribosomu za kloroplasti, yaani viwanda vyake vya protini, husoma psbA, jeni yenye maelekezo ya D1, na kutengeneza D1 mpya, ambayo huingizwa kwenye utando huku ikiendelea kuundwa.

Mmea wa Arabidopsis, mmea mdogo unaotumiwa sana maabara, ukipoteza FtsH2, mojawapo ya protini zinazounda pete ya FtsH, hutoa majani yenye mabaka meupe, na sehemu zake za kijani huumizwa na jua upesi. Jaribio jingine hufanywa kwa linkomaisini, dawa inayozuia ribosomu za kloroplasti, hivyo D1 mpya haitengenezwi. Jani lililonyweshwa dawa hiyo na kuwekwa chini ya taa kali hupoteza uwezo wa fotosistemu ya pili ndani ya saa chache. Jani lenzake lililonyweshwa maji matupu, chini ya taa ile ile, hushuka kidogo mwanzoni, kisha hutulia na kuendelea na kazi.