Makinikia na Safari ya Shaba ya Kilembe hadi Kilindini

Makinikia ni unga wa madini unaobaki baada ya mwamba kuchimbwa, kupondwa na kusagwa, kisha sehemu kubwa ya mawe yasiyo na thamani kuondolewa. Tanzania ilipozuia usafirishaji wake nje mwaka 2017, wengi walidhani kuwa ni jambo geni, ilhali bandari ya Kilindini, hapa Mombasa, ilikwisha kupitisha shaba iliyotokana na makinikia tangu miaka ya 1950.

Shaba hiyo ilitoka Kilembe, chini ya milima ya Ruwenzori, magharibi mwa Uganda. Mwamba wa huko ulikuwa na shaba ya takriban asilimia 2 tu, na kuusafirisha ulivyo kwa zaidi ya kilomita 1,500 hadi pwani kungekuwa sawa na kulipia nauli ya chicha badala ya tui. Kwa hiyo ulisagwa papo hapo mgodini, ukachanganywa na maji na kemikali zinazofanya chembe za shaba zishikamane na mapovu ya hewa, zikaelea na kukombwa, huku mchanga ukizama. Tukichukua mfano wa makinikia yenye shaba asilimia 25, shaba iliyomo katika tani 100 za mwamba huweza kubebwa na takriban tani 8.

Historia ya Kilembe huelezwa zaidi kwa reli iliyofika Kasese mwaka 1956, lakini kwa maoni yangu umeme haukuwa na uzito mdogo kuliko reli. Makinikia yalipelekwa Jinja, ambako bwawa la umeme la Owen Falls lilikuwa limefunguliwa mwaka 1954, yakayeyushwa ili kuondoa salfa na chuma. Ndipo shaba isiyosafishwa kikamilifu iliposhushwa Mombasa. Uzalishaji ulidorora katika miaka ya 1970, ukasimama mwanzoni mwa muongo uliofuata.

Kuchuja huacha masalio, nayo hayapotei. Kilembe ilitenga pirite (madini ya chuma na salfa) yenye metali ya kobalti na kuirundika Kasese, ambako mvua iliigeuza kuwa chanzo cha maji yenye asidi yaliyoua mimea hadi ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kiwanda kilijengwa hapo, na kwa kutumia bakteria wanaoivunjavunja pirite, kikaanza kutoa kobalti ya kuuza nje kutoka katika lundo lilelile.